Nilimtania mwenzangu wa asili ya India, sasa nimeitwa ofisini

*"Mimi ni Mtanzania, niko mwaka wa pili katika chuo kikuu cha umma hapa Marekani. Maabara tumepangwa wawili wawili, na mwenzangu ni dada Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka India. Tumezoeana, tunacheka sana. Wiki mbili zilizopita tuliambiwa kila kikundi kinunue vifaa vya mradi, nikamtania mbele ya wenzetu: 'Hizo hela utatoa wewe, ninyi Wahindi mna duka kila kona.' Wengine walicheka, yeye akainamia daftari lake. Jana nimepata barua pepe kutoka ofisi moja ya chuo kwamba kuna taarifa ya tukio la kibaguzi na wananialika kwa mazungumzo. Mimi ni Mchaga. Nimekua nikitaniwa kuhusu hela kila siku na sijawahi kumshtaki mtu. Hapa watu wananiuliza kama nimeshapambana na simba, na Oktoba kijana wa bwenini kwetu alivaa shuka akashika rungu, akasema yeye ni 'Mwafrika'. Hakuna aliyeitwa. Je, mimi ni mbaguzi? Viza yangu iko hatarini? Ninyamaze tu mpaka nihitimu? Pia umoja wa wanafunzi wa Kiafrika wananitaka nisaini barua ya kulaani lile vazi, na sijui nifanyeje."*

Mdogo wangu, nianze na viza, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi, na asiyelala hasikii la mtu.

Mwaliko wa mazungumzo si mashtaka. Vyuo vingi vya Marekani vina ofisi au kamati inayopokea taarifa za maneno na vitendo vinavyoonekana kuwa vya kibaguzi. Mtu yeyote anaweza kujaza fomu, mara nyingi hata bila kutaja jina lake. Kwa kawaida wanaoshughulikia fomu hizo hawana mamlaka ya kuadhibu: wanakuita, wanakusikiliza, wanakueleza mwenzako alivyolipokea jambo, basi. Hata huo uwezo wa kuita tu umefika mahakamani. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa iliyotazama kamati ya University of Michigan ilisema mwaliko wa aina hii unaweza kumtia mwanafunzi woga wa kusema. Mwaka uliofuata mahakama nyingine ya rufaa, ikitazama kamati ya University of Illinois, haikukubaliana na hoja hiyo. Kwa hiyo usijione mwoga kwa kushtushwa na ile barua. Majaji wenyewe hawajakubaliana juu ya uzito wake.

Viza yako ya F-1, yaani ya mwanafunzi, inasimama juu ya mambo ya kawaida: uwe umeandikishwa, usome idadi kamili ya masomo, usifanye kazi isiyoruhusiwa, usisimamishwe wala kufukuzwa. Kikao cha mazungumzo hakigusi hata moja kati ya hayo. Kusimamishwa ndiko kunakogusa, na kwa kawaida huko hakufiki bila mchakato wa nidhamu ambao ndani yake unapewa tuhuma kwa maandishi na nafasi ya kujibu. Zaidi ya hapo, chuo chako ni cha umma, na vyuo vya umma vinabanwa na katiba ya Marekani katika suala la uhuru wa kusema. Mwaka 1989 mahakama ya shirikisho ilifuta kanuni ya University of Michigan iliyokuwa ikiadhibu maneno ya kuudhi, na mwaka 1991 ikafuata ile ya University of Wisconsin. Chuo kinaweza kuadhibu unyanyasaji, lakini kipimo chake ni kikubwa: uwe mkali na wa kujirudia, kiasi cha kumzuia mwenzako asisome kwa haki. Sentensi moja ya maabara haifiki hapo. Ungekuwa chuo binafsi ningekujibu kwa tahadhari zaidi, kwa sababu vile hufuata kitabu chao cha kanuni kuliko katiba.

Lakini sitakudanganya kwamba hali ni ileile ya zamani. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilifuta viza za baadhi ya wanafunzi wa kigeni kwa sababu ya maandishi na maandamano yao, na mwezi Aprili mwaka huo kumbukumbu za wanafunzi maelfu zilifutwa kwenye mfumo wa uhamiaji, kisha nyingi zikarudishwa baada ya kesi kufunguliwa. Utani wako si wa kundi hilo. Hata hivyo ndiyo sababu nasema usiende kwenye kikao chochote kabla hujaongea na ofisa wa wanafunzi wa kimataifa anayesimamia I-20 yako, ile hati ya chuo iliyokupatia viza. Nenda ana kwa ana, ukiwa na ile barua pepe mkononi.

Na uisome tena taratibu. Imetoka ofisi gani? Inasema unaalikwa, au inasema unatakiwa? Je, imetaja kifungu cha kanuni za nidhamu? Kama kuna kifungu na tarehe ya kusikilizwa, hilo ni jambo jingine: tafuta mshauri mara moja. Vyuo vingi vina ofisi ya mtetezi wa wanafunzi au huduma ya wanasheria ya wanafunzi, na ikitajwa adhabu ya kusimamishwa, tafuta mwanasheria wa uhamiaji. Kama ni mwaliko tu, una haki ya kuuliza nani watakuwepo, kama maelezo yataandikwa, na yatawekwa wapi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za wanafunzi inakuruhusu kuomba kuona kilichoandikwa juu yako.

Kuna kosa moja wanafunzi wetu hulifanya mara nyingi, kwa sababu ya malezi mema. Nyumbani ukimkosea mtu unamfuata, ikibidi na rafiki wa kukusindikiza, mnayamaliza. Hapa, baada ya taarifa kufunguliwa, kumfuata unayedhani ndiye aliyekushtaki kunaweza kuandikwa kuwa ni kumtisha. Na huenda si yeye. Taarifa nyingi huandikwa na waliokuwa pembeni, pengine na mmoja wa wale waliocheka. Subiri uulize ofisini: "Naruhusiwa kumwomba radhi? Kwa njia gani?" Wakikuruhusu, ndipo umfuate.

Sasa tuje kwenye swali ambalo naona ndilo linalokuuma kweli. Wewe si mbaguzi kwa sababu sentensi hiyo ilikutoka. Lakini haikutoka hewani, na nakuomba univumilie nikueleze ilikotoka.

Zamani za kuchapa magazeti kwa herufi za madini ya risasi, mchapaji alimimina madini kwenye umbo la ukurasa akapata bamba moja gumu. Bamba likishakauka hubadilishi herufi hata moja. Unapiga wino, linatoa nakala elfu zinazofanana. Mwaka 1922 mwandishi wa habari wa Marekani, Walter Lippmann, alichukua jina la bamba hilo, 'stereotype', akaziita kwa jina hilo picha tunazobeba kichwani juu ya watu wa aina fulani. Mwaka 1933 watafiti wawili, Katz na Braly, waliwapa wanafunzi 100 wa Princeton orodha ya sifa 84 wawachagulie watu wa makundi 10. Wanafunzi walikubaliana kwa kiasi cha kushangaza: Waturuki, kwa mfano, wakapewa ukatili. Hawakuwa wamekaa na Waturuki wakawapima. Walipokea bamba lililokwisha kukauka.

Mwaka 1989 mwanasaikolojia Patricia Devine alionyesha jambo linalonipa moyo kila ninaposhauri vijana. Alisema kulijua bamba na kuliamini ni vitu viwili. Hata mtu asiye na chuki linamjia kichwani lenyewe, haraka, kwa sababu amelisikia tangu utotoni. Tofauti iko kwenye kinachofuata: mmoja analiacha litoke mdomoni, mwingine analishika. Wewe siku ile hukulishika. Ni jambo la kujifunza, na watu hujifunza.

Tulitazame basi hilo bamba lako. "Wahindi wana maduka." Umelipata Moshi au Dar es Salaam, kwa kuona maduka kweli. Ila hukuwaona wasiokuwa nayo: mafundi cherehani, makarani, walimu, vinyozi. Hukuambiwa pia kwa nini wengi waliishia kwenye biashara. Kenya ya mkoloni ilitenga ardhi ya nyanda za juu kwa Wazungu, na Mhindi hakuruhusiwa kuimiliki. Alibaki na mji na kaunta. Halafu kaunta ileile ikageuzwa kuwa hatia yake. Mwaka 1971 majengo mengi ya kupangisha Tanzania yalitaifishwa, ya Wahindi wengi yakiwemo, na familia nyingi zikaondoka. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wafungashe. Baadhi yao na watoto wao wako Marekani na Kanada leo. Sijui wazazi wa mwenzako walipitia wapi, nawe hukumuuliza kabla ya kutania.

Sasa ongeza la huku. Kuanzia mwaka 1990 katuni mojawapo maarufu kabisa ya televisheni ya Marekani ilikuwa na Mhindi mwenye duka, akisemewa na mwigizaji Mzungu kwa lafudhi ya kuchekesha. Watoto wa Kihindi waliozaliwa hapa wamefuatwa na sauti hiyo viwanja vya shule, miaka nenda rudi, mpaka mwigizaji mwenyewe akatangaza mwaka 2020 kwamba hataifanya tena. Wewe ulisema neno "duka" ukiwa na Kariakoo kichwani. Yeye alisikia darasa la nne.

Lakini mimi naamini kilichomwinamisha si duka. Ni "ninyi". Ulisema "ninyi Wahindi" mbele ya Wamarekani wengine, naye ni Mmarekani. Umemtoa kwenye kundi la waliokaa pale mezani ukampeleka kwenye nchi ambayo huenda ameitembelea mara mbili maishani. Hapa ndipo pia lilipo jibu la lile unaloliona kama upendeleo, kwamba wewe unaulizwa simba na huumii. Anayekwambia "Kiingereza chako kizuri, ulijifunzia wapi?" anakukumbusha kwamba wewe ni wa kwingine, na kwako ni kweli: una nyumbani, una Kilimanjaro, unako ambako hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Yeye nyumbani kwake ndiyo hapo maabara. Ukimwambia si wa hapa, hana pengine pa kurudi kupumzika. Daktari wa akili Chester Pierce wa Harvard aliipa michomo midogo ya namna hii jina la 'microaggressions' huko miaka ya 1970, akiwatazama Wamarekani weusi. Wapo wanasayansi, kama Scott Lilienfeld aliyeandika mwaka 2017, waliosema utafiti wa jambo hili bado ni dhaifu na vyuo vimekimbilia kuufanyia kanuni. Nakubaliana naye kwenye kanuni. Kwenye kuuma, nimekaa na vijana wengi mno ofisini kwangu kuweza kusema hakuumi.

Sasa utani. Unaniambia umekua ukitaniwa, na nakuamini. Mimi ni Mnyamwezi. Watani wetu ni Wazaramo, utani wa tangu misafara ya wapagazi iliposhuka kutoka Tabora kwenda Bagamoyo ikapita nchini kwao. Bibi yangu alipofariki, tukiwa Magomeni, jeneza lilipotolewa mlangoni mzee mmoja wa Kizaramo alijilaza kibarazani katikati ya njia. Akasema marehemu ana deni lake la shuka tangu zamani, haendi popote mpaka walipe. Wajomba wakabishana naye, wakachanga, akazihesabu zile hela moja moja kwa sauti, watu wakicheka huku machozi yakiwatoka. Kisha akainuka, akavua shati, na makaburini alikuwa wa kwanza kushika jembe. Mikono yake ndiyo ilimpokea bibi shimoni.

Huo ndio utani. Una pande mbili zinazojuana, kila upande unapiga na kupigwa, na anayekutania ana wajibu kwako siku ya msiba. Tusi lake linabebwa na jembe lake. Ulichofanya maabara kilikuwa na tusi bila jembe: yeye hakujua kwamba mna utani, hakuwa na la kukurudishia, na wewe hukuwa na wajibu wowote kwake. Na niseme kwa uchungu kidogo, hata vyuoni kwetu siku hizi tunaita utani vitu ambavyo si utani. Kumwita kila Mmasai mlinzi, au kumwambia msichana wa Kihaya maneno mnayowaambia, kisha akinuna mnasema "hajui utani", hapo mmechukua haki ya mtani mkaacha kazi yake. Hebu jiulize pia kama hukuwahi kuumia hata siku moja kwa yale ya Mchaga na hela. Kutoshtaki si ushahidi kwamba hakikuuma.

Kuhusu huo mjadala mkubwa unaousikia, wa kile wanachokiita usahihi wa kisiasa, usiubebe wote kwenye kikao chako. Mjadala huo una zaidi ya miaka 30. Rais George H. W. Bush aliulalamikia kwenye mahafali ya University of Michigan mwezi Mei 1991, na kila kizazi cha wanafunzi kinauanza upya. Upande mmoja unasema lugha ya heshima ndiyo inayomfungulia mlango mwanafunzi ambaye mlango ulikuwa umefungwa kwake. Upande mwingine unasema watu wakiogopa kukosea hawafikiri kwa sauti, na chuo ni mahali pa kufikiri kwa sauti. Mimi naona wote wana ushahidi. Mwezi Agosti 2020 mwalimu wa University of Southern California alifundisha matumizi ya neno la Kichina ambalo Wachina hulitumia wanaposita, kama sisi tunavyosema "yaani". Neno hilo likasikika kama tusi la Kiingereza dhidi ya watu weusi, wanafunzi wakalalamika, akaondolewa kwenye somo lile. Baadaye chuo chenyewe kikaona hakuvunja kanuni yoyote. Sisi tunaoishi ndani ya lugha mbili tunajua jambo lile lingeweza kumpata yeyote wetu. Lakini lako si la namna hiyo. Usiende ofisini ukajilinganisha na mwalimu yule.

Usinyamaze mpaka uhitimu. Nimewaona waliochagua hivyo. Wanamaliza miaka minne wakijua Marekani ya maktaba na kantini tu, na mwisho hawana mtu wa kuwaandikia barua ya kuombea kazi. Badilisha namna ya kutania badala ya kuacha. Anza na wewe mwenyewe, na mtu akikufungulia mlango wa kukutania mrudishie kwa kiasi hichohicho. Mambo ya asili ya mtu, dini yake na mwili wake yaache mpaka yeye ndiye aanze.

Na yule wa shuka na rungu: hakuitwa kwa sababu hakuna aliyeandika. Mfumo huu hauna macho, unasubiri fomu. Suala la mavazi ya Halloween, ile sherehe ya mwisho wa Oktoba ambapo watu huvaa mavazi ya kuigiza, ni la zamani huku. Mwaka 2011 wanafunzi wa Ohio University walitoa mabango wakisema utamaduni wao si vazi la kuigiza, na mwaka 2015 Yale ilitikisika juu ya barua pepe mbili tu, moja ikiwaomba wanafunzi wafikirie kabla ya kuvaa, nyingine ikiuliza kama ni kazi ya chuo kuwaambia hivyo. Kwako ushauri wangu ni huu. Kama barua ya umoja inadai kijana aadhibiwe, usisaini; wewe mwenyewe wiki hii unaomba usikilizwe kabla ya kuhukumiwa, na yeye anastahili vilevile. Kama inaeleza tu kwa nini vazi lile lilikera, saini ukipenda, ila ongea ukweli kwamba wewe ni Mchaga na shuka si lako. Nyumbani kwetu wachekeshaji huvaa shuka hiyohiyo na kuigiza Kiswahili cha Mmasai, nasi tunacheka. Mwenye haki ya kwanza ya kulalamika ni Mmasai mwenyewe. Au mfuate tu yule kijana, kwa kuwa kwake hakuna taarifa iliyofunguliwa, umwambie vazi lile ni la nani na la nini. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia.

Kikao chako kikifika, usieleze utani wa makabila kwa nusu saa, wataona unajitetea. Sema ulichosema, neno kwa neno, bila kupunguza. Sema ulidhani ni mzaha, sasa umeelewa ulimtenga mbele ya wenzake. Uliza unachotakiwa kufanya. Kama baada ya hapo bado hulali, huli, au unakwepa maabara, nenda kituo cha ushauri nasaha cha chuo. Mara nyingi huduma imeshalipiwa kwenye ada zako, na siri yako inatunzwa.

Ukiruhusiwa kumwomba radhi, iwe fupi na isiwe na "kama nimekuudhi". Mwambie: "Nilikuita kama vile wewe si wa hapa. Nilikosea. Samahani." Asipojibu usimfuate tena. Na kama vifaa vya mradi havijanunuliwa bado, toa nusu yako kabla hajauliza.